Mnunuzi Namba Mbili

Katika miaka kumi na moja Synne alikuwa amehamishwa mara saba, na mara zote saba kwa adabu kubwa. Hakuna mwenye nyumba hata mmoja aliyemfukuza. Walimletea keki, wakakaa kwenye ukingo wa kiti, wakasema kwa bahati mbaya. Kwa bahati mbaya tunauza. Kwa bahati mbaya binti yetu anarudi kutoka masomoni. Kwa bahati mbaya mume wangu anataka chumba cha mazoezi. Na Synne, ambaye tangu utotoni aliomba radhi hata akikanyagwa yeye, alikula keki, akashukuru, akaenda kutafuta maboksi.

Mara ya saba ilikuwa Februari. Alikuwa amepanga chumba cha chini, nusu ndani ya ardhi, kwenye nyumba ya mzee mmoja na mkewe. Dirisha lake lilitazama viatu vya wapita njia na magurudumu ya gari la wenye nyumba. Mke akashuka na keki ya mdalasini.

"Kwa bahati mbaya kijana wetu amepata mchumba," alisema. "Utatupa chumba mwisho wa Aprili, sivyo? Umekuwa mpangaji wa ajabu, Synne. Hata hatukujua kama upo."

Synne alikula nusu ya keki, na safari hii hakushukuru. Siku iliyofuata alipiga moyo konde akaenda benki kuomba mkopo wa nyumba.

Benki ilimpokea kwa furaha ya mpishi aliyeona kuku akiingia jikoni kwa miguu yake mwenyewe. Mshauri alikuwa kijana mdogo kuliko yeye, tayari ana nyumba mbili, na moja kati ya hizo alimpangisha mtu kama Synne. Alimuuliza kama wazazi wangemsaidia. Wenzake wengi katika mji wao wa Bergen walikuwa wamesaidiwa na wazazi wao, kisha wakasimulia jinsi walivyojibana mpaka wakapata nyumba. Synne naye alisaidiwa: baba yake alimpa chuma cha kuokea vikeki vya wafli, kimetumika kidogo tu. Kwa hiyo aliweka mezani akiba yake ya miaka kumi na moja, miaka ambayo wengine walikwenda Hispania kuota jua naye akabaki kuangalia viatu dirishani. Kijana akabofyabofya, akamwandikia cheti cha kiasi anachoweza kununulia nyumba. Mwisho wake ulikuwa kroni milioni tatu na laki sita. Hapo palikuwa na kila kitu: mkopo, akiba, na miaka thelathini iliyokuwa bado haijaja.

"Na usiwaze sana kuhusu riba," kijana alimwambia. "Mimi mwenyewe siwazi."

Nyumba aliyoipenda ilikuwa mtaa wa Laksevåg, ghorofa ya tatu, vyumba viwili, ikitangazwa kwa milioni tatu na laki moja na tisini elfu. Watu wa huku wanajua kwamba bei ya tangazo ni salamu tu. Tangazo liliiita lulu adimu, tulivu, yenye mandhari ya bahari. Utulivu ulikuwepo, maana ng'ambo ya barabara palikuwa na makaburi. Bahari nayo ilikuwepo: ukisimama kwenye sinki la jikoni, ukashikilia kabati kwa mkono wa kushoto na kuinama nje kidogo, uliona kipande cha maji chenye upana wa leso.

Jumapili ya kuonyesha nyumba watu walipanga foleni kwenye mvua. Dalali aliitwa Preben, kijana wa suruali iliyombana kiasi kwamba kwake kuketi kulihitaji kufikiria kwanza. Aligawa soksi za plastiki za buluu za kuvalia juu ya viatu, na watu wazima wenye kazi za heshima wakaanza kunyata nyumba nzima kama wezi waliokaribishwa. Mezani palikuwa na bakuli la malimau kumi na mawili. Kitandani palikuwa na kitabu kilichofunguliwa katikati, kana kwamba mwenye nyumba alikuwa akisoma, akatoka mara moja kwenda kufurahi mahali pengine.

Synne aliyacheka hayo yote moyoni, mpaka alipofika kwenye dirisha la chumba cha kulala. Chini barabarani watu walikuwa wakipita, naye akaona vichwa vyao. Kofia, miavuli, upara mmoja, nywele za mtoto. Alisimama pale muda mrefu kuliko ilivyostahili, na moyo ukaanza kumdunda kama msichana aliyeandikiwa barua.

Alipogeuka, mbele ya kabati la nguo alisimama Eivind.

Eivind alikuwa mfanyakazi mwenzake. Walifanya kazi pamoja katika idara ya maji na mifereji ya manispaa, na kwa miaka sita walikuwa wamekaa meza moja kila mchana, uso kwa uso, wakila mikate waliyofunga nyumbani. Synne alijua kwamba hapendi tango. Zaidi ya hapo hakujua mengi.

"Ah," alisema Eivind.

"Ah," alisema Synne.

Wote wawili wakatazama soksi zao za buluu.

"Mimi napita tu," Eivind aliharakisha kusema. "Nilikuwa mitaa ya huku, nikasema niingie niangalie."

"Mimi pia! Napenda tu kuona watu wanavyopamba. Mapazia yao na nini."

Dirisha halikuwa na pazia hata moja. Eivind alikubali kwa kichwa kwamba mapazia ni kitu kizuri. Wakatakiana Jumapili njema, na kila mmoja akateremka ngazi ameridhika kabisa kwamba mwenzake hana shida na nyumba ile. Hilo ndilo kosa walilolifanya, na si kosa la kila mtu. Kwingine mtu angeuliza. Huku mtu atakusimulia hali ya nyongo yake na matokeo ya kipimo chake cha kinyesi, lakini jambo linalogusa pesa hakwambii. Mapato ya kila mtu serikali imeyaweka wazi, ukitaka unayatafuta. Ila ukiyatafuta, mwenyewe anaarifiwa kwamba umemchungulia. Basi hakuna anayechungulia, na kila mtu anajifanya anaishi kwa hewa.

Jumatatu asubuhi Synne alituma dau lake la kwanza kwa simu, akiwa amejifungia chooni kazini. Katika mji huu nyumba hununuliwa hivyo. Unatuma tarakimu, unaweka saa ya mwisho, na ukishatuma huwezi kurudi nyuma. Mpaka saa hiyo ifike umefungwa kama uliyekula kiapo. Dalali anawapelekea wote ujumbe mmoja, lakini majina hayataji. Kuna mnunuzi namba moja, namba mbili, namba tatu. Namba moja alikuwa yeye. Namba tatu alichoka mapema, kwenye milioni tatu na laki tatu, akaenda zake. Namba mbili hakuchoka.

Kila Synne alipoongeza elfu ishirini na tano, namba mbili naye aliongeza elfu ishirini na tano. Hakuwa na haraka, hakuwa na huruma. Synne alianza kumwona akilini: mwanamume wa makamo mwenye boti, mwenye nyumba nne tayari, anayenunua ya tano kwa kuwa mvua imemzuia kwenda kuvua. Akamchukia kwa moyo wote, na chuki hiyo ikampa nguvu ambayo kahawa haijawahi kumpa.

Saa sita mchana walikuwa wamefika milioni tatu, laki nne na elfu sabini na tano, na ukawa wakati wa chakula.

Chumba cha chakula kilikuwa na meza ndefu, lakini siku ile mkubwa wao alikuwa kwenye mafunzo na nusu ya idara imekwenda kwenye bomba lililopasuka. Walibaki watatu: Synne, Eivind, na Bodil wa ofisi ya ankara. Bodil alikuwa amebakiza miaka mitatu kustaafu, na alitoka kaskazini kabisa, kule ambako watu husema kwanza na kufikiri baadaye. Alikuwa akila samaki baridi wa jana kwa vidole.

Synne alilaza simu yake mezani kifudifudi. Eivind naye alilaza yake kifudifudi. Wakafungua mikate yao. Mvua ikapiga dirisha.

Simu zikanguruma, zote mbili kwa pamoja.

Synne aliichungulia yake chini ya meza. Ilikuwa laki tano. Aliandika laki tano na elfu ishirini na tano, akatuma. Baada ya dakika chache zikanguruma tena, zote mbili. Eivind aliichungulia yake, akaacha kutafuna. Masikio yakawa mekundu. Akaandika kitu. Dakika chache. Zikanguruma.

"Simu zenu zimeoana?" Bodil aliuliza.

"Nini?" alisema Synne.

"Zinalia pamoja. Mara ya tatu hii. Ikilia hii, na ile inaitikia, halafu mmoja wenu anabadilika rangi. Jamani, mna uhusiano? Semeni tu, mimi nitafurahi, hapa ndani hakujatokea jambo tangu mashine ya kahawa iungue."

"Ni... ni mambo ya daktari wa meno," alisema Eivind.

"Mambo ya meno. Wewe, Synne?"

"Mimi pia," alisema Synne, na kabla hajafunga mdomo akajua kwamba amesema upuuzi.

Bodil aliweka samaki chini. Akajifuta vidole polepole kwenye suruali. "Eivind, jana ulikuwa wapi?"

"Nilipita Laksevåg kidogo."

"Na wewe, mwanangu?"

Synne aliinua kichwa. Alimtazama Eivind, na Eivind akamtazama yeye, na pale mezani, katikati ya jibini la kahawia na samaki wa kopo wa nyanya, yule mwanamume wa boti na nyumba nne akafa kifo cha ghafla.

"Wewe ndiye namba mbili?" aliuliza Synne.

Eivind alishtuka kama mtu aliyeambiwa avue shati. "Si ulisema unaangalia mapazia?"

"Si ulisema unapita tu?"

"Nilikuwa... ndiyo, watu husema hivyo!"

Bodil alicheka mpaka akashika meza. "Ngoja, ngoja. Mko wawili tu humo? Tangu lini?"

"Tangu laki tatu," alisema Eivind kwa sauti ndogo.

"Na sasa mmefika ngapi?"

Hakuna aliyetaka kuitaja tarakimu. Bodil alinyoosha mkono, akaichukua simu ya Eivind kama mama anayemnyang'anya mtoto peremende, akasoma. "Laki tano na nusu, la Eivind, mwisho saa saba kamili. Mungu wangu! Laki mbili na nusu mmemwongezea mtu msiyemjua, kwa sababu ya aibu! Miaka sita mnakaa hapa magoti yakigusana. Mngeulizana tu jana pale pale kwenye soksi zenu: wewe vipi, unaitaka? Basi! Mmoja angechukua, mwingine angeambulia hata chakula cha jioni. Muuzaji huko aliko anawaombea maisha marefu."

"Si vizuri kuuliza mambo ya watu," alisema Eivind.

"Ni kweli. Vizuri ni hivi mlivyofanya."

Saa ya ukutani ilionyesha saa saba kasoro dakika kumi na mbili. Synne akiacha, nyumba ni ya Eivind. Wote watatu walilijua hilo, na Bodil, ambaye hakuwahi kuacha mambo yajiendee yenyewe, akauliza wazi.

"Haya, kwa nini mnaitaka? Wewe Eivind una nyumba kubwa tayari, na mke, na bustani. Vyumba viwili unavitafutia nini?"

Eivind alikunja karatasi yake ya mkate mara mbili, akaikunjua.

"Mimi na Marit tumeachana," alisema. "Tangu Oktoba. Bado nalala kwenye sofa. Tiril ana miaka minane, shule yake iko mitaa miwili kutoka pale. Wiki moja angekaa kwangu, wiki moja kwa mama yake. Angekwenda shule kwa miguu."

Bodil akasogeza kiti chake karibu. Alimgusa Eivind begani kwa mkono unaonuka samaki.

Kisha wakageuka wote wawili, wakamtazama Synne.

Alijua maana ya macho yale. Aliyajua maisha yake yote. Sasa ilikuwa zamu yake kusema basi chukua wewe, mimi nitapata nyingine, mimi ni mmoja tu, sina mtoto. Maneno yalikuwa yameshajipanga ulimini, yamechana nywele, tayari kutoka. Wangemsifu. Bodil angemwita malaika kila mchana hadi kustaafu, na mwisho wa Aprili malaika angefunga maboksi kwa mara ya saba. Kisha mahali fulani, katika chumba fulani cha chini, mtu mwema angekuja kukaa kwenye ukingo wa kiti na sahani ya keki.

"Pole sana, Eivind," alisema Synne. "Kweli kabisa, pole."

"Ahsante," alisema Eivind, na mabega yake yakashuka kwa nafuu.

"Mimi nimehamishwa mara saba."

Mabega yakapanda tena.

Synne alichukua simu yake, mbele ya macho yao, juu ya meza na si chini. Hakuongeza elfu ishirini na tano. Aliandika milioni tatu na laki sita, mwisho wa cheti chake, mwisho wa kila kitu. Aliweka saa ya mwisho, saa saba na robo. Alikosea kitufe mara mbili, ikabidi ajaribu tena. Kisha ikaenda.

Simu zikanguruma, zote mbili.

"Shetani wee," alinong'ona Bodil, na haikujulikana anamlaani au anamsifu.

Eivind alisoma. Akaanza kuandika, akafuta. Akatoka kwenda dirishani, akasimama akiwapa mgongo, simu mkononi. Synne aliitazama shingo yake iliyohitaji kinyozi, akaona aibu ikimpanda kama homa, na chini ya aibu, jambo baya kabisa, akaona kwamba anaomba. Anaomba asiandike. Alimwombea mwenzake kushindwa, mchana kweupe, akiwa na mkate wa jibini mkononi. Bodil alimalizia samaki wake, kwa kuwa samaki hakuhusika.

Saa saba na robo ikapita. Saa saba na dakika kumi na nane dalali Preben akapiga simu.

"Hongeraaa!" Sauti yake ilisikika chumba kizima. "Umejipatia lulu! Unajisikiaje?"

"Ahsante," alisema Synne, kama mtu aliyeambiwa na daktari afungue mdomo.

Alipokata simu, Eivind alikuwa amerudi mezani. Alikaa mahali pake, kwa kuwa hapakuwa na mahali pengine ambapo amewahi kukaa.

"Hongera," alisema.

"Ahsante."

"Ungeongeza kidogo kidogo kama mwanzo ningekupita. Nilikuwa nimebakiza elfu arobaini."

"Ndiyo maana nikaruka," alisema Synne, ingawa haikuwa kweli. Aliruka kwa sababu hakuwa na uwezo wa kuvumilia mara nyingine.

Eivind aliutazama mkate wake, akaona hauliki, akausukuma pembeni.

"Habari za lile bafu ulizisoma kwenye ripoti ya ukaguzi wa nyumba?" aliuliza.

"Nilisoma. Limepewa alama mbaya kuliko zote."

"Sakafu inateremkia upande wa mlango. Maji yanalikimbia tundu la kutolea. Miaka miwili, mitatu, yatakuwa kwa jirani wa chini." Alisema bila kinyongo, kama anayesoma ankara. "Mimi nilipanga kuling'oa mwenyewe. Kabla sijaja manispaa nilikuwa fundi wa mabafu. Cheti ninacho hadi leo."

Alivuta ile karatasi ya mkate, akailaza, akatoa kalamu mfukoni. Akachora mstatili, akachora tundu kwenye kona, akaweka mishale kuonyesha maji yanakokwenda sasa, na mingine kuonyesha yanakotakiwa kwenda. Mikono yake ilitulia wakati akichora. Synne aliinama karibu. Kwa miaka sita hakuwahi kujua kwamba mtu huyu anaweza kuchora mstari ulionyooka hivi.

"Ni kazi ya wiki tatu za jioni," alisema Eivind.

Synne alitazama mishale. Katika akaunti yake palikuwa pamebaki pesa za nauli na za jibini. Lakini mshahara ungeingia mwezi huu, na mwezi ujao, na kodi ya chumba cha chini ingekoma Aprili.

"Kiasi gani?" aliuliza.

Bodil aliacha kutafuna, ingawa mdomoni hakuwa tena na kitu.

Masikio ya Eivind yakawa mekundu tena. Alitazama mlangoni, kama kuna mtu atakayeingia kuwakamata. "Vifaa juu yako," alisema mwishowe. "Ufundi, laki moja na ishirini."

"Wewe rafiki wa aina gani!" alifoka Bodil.

"Sina nyumba, Bodil. Nahitaji pesa ya nyumba."

"Themanini," alisema Synne. "Na pesa utanisubiri hadi Septemba."

"Laki na kumi. Nina mtoto."

"Najua una mtoto. Tisini."

"Kwa Septemba? Laki kamili, na Tiril akitoka shule mapema anakuja kwako kunisubiri, huku nikifanya kazi."

Synne alifikiri juu ya mtoto wa miaka minane amekaa jikoni kwake, akipanda kwenye sinki kutafuta bahari. Alichukua kalamu kutoka mkononi mwa Eivind, akaandika tisini na tano kando ya mchoro, tarakimu kubwa, akaigeuza karatasi upande wa Eivind ili aisome vizuri.